Bahari ndani ya vilima vya shaba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu visukuku vya Katanga

Jiwe linalozuia mlango wangu wa nyuma, hapa Kampemba mjini Lubumbashi, Kongo, lilikuja na kamyo ya mawe ya fondasio. Mwashi alilipasua kwa nyundo, nami nikamwomba aniachie nusu. Tangu siku ile kila anayejikwaa hapo huuliza ni kitu gani. Nafundisha jiografia sekondari, na maswali ni yaleyale kila mwaka: ya wanafunzi, ya wazazi, ya wachimbaji, na ya jirani yangu mmoja ambaye hajawahi kukubali jibu lolote. Nimeyaweka pamoja hapa ili nipumzike kidogo.

Kweli Katanga ilikuwa bahari?

Ndiyo. Kutoka Kolwezi kupita Likasi hadi Lubumbashi, na kuvuka mpaka hadi Copperbelt, eneo la shaba la Zambia, miamba iliyo chini ya miguu yetu ilitandikwa ndani ya maji: tope, mchanga, chokaa na chumvi, tabaka juu ya tabaka, unene wa kilomita kadhaa. Wanajiolojia huiita miamba ya Katangien, na huigawa mafungu matatu: Roan chini, Nguba katikati, Kundelungu juu. Utakuta humo mikunjo midogo ileile ambayo mawimbi huacha kwenye mchanga wa ufukoni, ila sasa ni mawe magumu.

Mambo yalianza kwa ardhi kupasuka na kutanuka, kama Bonde la Ufa linavyofanya leo huko Tanganyika na Kivu. Bonde likashuka, maji ya bahari yakaingia. Lakini usifikirie mawimbi makubwa kama ya Moanda, kwenye pwani yetu ya Atlantiki. Katika kipindi kinachowahusu watu wa shaba, fikiria mabwawa mapana ya maji ya chumvi, kina kifupi, jua kali, sehemu nyingine zikikauka kabisa na kuacha chumvi na jasi, kisha maji yakirudi.

Bahari hiyo ni ya zamani kiasi gani? Mnajuaje?

Miamba ninayozungumzia zaidi hapa ina umri wa karibu miaka milioni 800. Hesabu hiyo haikutoka kwenye jiwe lenyewe. Chokaa na dolomia, jamaa yake, ni vigumu kupimwa umri moja kwa moja, kwa hiyo wataalamu hutafuta mawe yaliyozaliwa na moto wa ardhini, yaliyo chini na juu yake. Ndani ya granite mna chembe ndogo ngumu zinazoitwa zikoni, na ndani ya zikoni mna urani kidogo inayogeuka polepole kuwa madini ya risasi kwa mwendo unaojulikana. Ukipima urani iliyobaki na risasi iliyozaliwa, unapata umri.

Granite ya Nchanga, upande wa Zambia, imelala chini ya miamba ya Katangien, na ina miaka milioni 880 hivi. Huwezi kujenga nyumba kabla ya fondasio, basi bahari yetu ilikuja baadaye. Juu zaidi katika Roan, kaskazini-magharibi mwa Zambia, kuna mawe ya volkano ya miaka milioni 760 na ushee. Mabwawa yetu ya chumvi yako kati ya hizo mbili.

Ndani yake kuliishi nini?

Hili ndilo swali, na jibu huwakatisha watu tamaa kabla halijawafurahisha. Hakukuwa na samaki. Hakukuwa na konokono wala kaa. Kulikuwa na utando.

Umewahi kuona utando wa kijani unaoteleza chini ya bomba linalovuja? Huo umejaa vijidudu, na miongoni mwao mna bakteria wanaotumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, kama majani. Katika bahari ya Katanga utando wa namna hiyo ulifunika sakafu ya mabwawa. Vumbi la chokaa likaushukia na kunasa katika ute wake. Bakteria wakifunikwa hukosa mwanga, kwa hiyo hupanda juu na kuanza utando mpya. Vumbi tena, utando tena. Kila safu unene wake kama karatasi au pungufu. Baada ya muda mrefu sana kinabaki kichuguu cha mawe chenye safu zilizobenuka juu. Kinaitwa stromatoliti.

Kama bakteria wenyewe hawaonekani, hiyo ni kisukuku kweli?

Chukua barabara ya kutoka mjini uingie porini uangalie vichuguu vyetu, vile vikubwa vinavyokatwa udongo wa matofali. Vingine mchwa walishahama zamani. Huoni mchwa hata mmoja, lakini hakuna Mkatanga atakayekuambia kwamba ule ni mlima ulioota wenyewe. Umbo linamtaja fundi. Stromatoliti ni hivyo hivyo: mara nyingi mwili wa kijidudu umeoza, kazi yake imebaki.

Neno lenyewe: Kiswahili cha vitabu kinasema *kisukuku*, wingi *visukuku*. Darasani kwangu watoto husema fosili, nami siwasahihishi.

Naiona wapi? Naitambuaje?

Kama umewahi kufanya kazi ya mgodi umeishika bila kujua. Kila fundi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, aliyewahi kusoma ramani anajua herufi za matabaka ya Série des Mines, lile fungu la Roan lenye madini, kutoka chini kwenda juu: RAT, D.Strat, RSF, RSC, SD, CMN. RSC ni kifupi cha Kifaransa, *roches siliceuses cellulaires*, yaani miamba ya silika (madini ya mchanga na kioo) yenye vyumba vidogo. Hiyo RSC ndiyo ukuta wa stromatoliti. Tabaka zima, mita nyingi kwenda juu, lilijengwa na utando.

Ni jiwe gumu, la kijivu au kahawia, lenye matundu kama mkate ulioumuka vibaya. Matundu yalikuja baadaye, maji ya mvua yalipoyeyusha dolomia na kuacha silika isiyoyeyuka. Mara nyingi ndani ya matundu mna unga mweusi unaochafua vidole. Ule ni heterojeniti, madini ya kobalti, ambayo dunia nzima inaitafuta kwa ajili ya betri. Kwa sababu ya ugumu wake, RSC haikumomonyoka haraka kama jirani zake, ikabaki imesimama. Vilima vingi vya shaba ambavyo miti haioti juu yake, vina nyasi tu na yale maua ya shaba, uti wao wa mgongo ni RSC.

Sasa jiwe la mlango wangu. Likiwa kavu halisemi kitu. Limwagie maji upande uliopasuka, subiri kidogo, uinamishe kichwa ili mwanga uje kwa upande. Mistari inatokea: myembamba, ya kijivu na ya maziwa, inapanda, inabenuka, inashuka, inapanda tena kando yake, kama shu, yaani kabichi, iliyokatwa katikati. Upande wa kushoto kuna kibenuko kimoja kikubwa kama ngumi, na juu yake viwili vidogo vimeanza, vikashindana, kimoja kikamzidi mwenzake na kumfunika. Niliwahi kuhesabu safu kwa kalamu ya risasi. Nilifika 140 katika upana wa kiganja, nikaitwa kula.

Malakiti yangu ina miduara ndani yake. Nayo ni stromatoliti?

Hapana, na usione haya, hata mimi mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilidanganyika, nikadanganya na darasa zima. Malakiti ni madini ya shaba, ilijengwa na maji yenye shaba yaliyokuwa yakidondoka ndani ya mianya, mduara juu ya mduara, bila kiumbe chochote. Angalia hivi: safu za malakiti huota kutoka ukutani kuelekea penye nafasi, hata kwenda chini au pembeni. Safu za stromatoliti zilifuata jua, zote zimebenuka upande mmoja. Isitoshe malakiti ni kijani kibichi, na ukiikwaruza huacha unga wa kijani.

Na ile terili ya mjini?

Terili ni rundo la mabaki ya tanuru la kuyeyushia shaba. Ina umri wa kiwanda, si wa bahari. Wageni huipiga picha wakidhani ni mlima. Tusicheke sana, kuna watoto wa hapa hapa wanaodhani hivyo.

Kwa nini basi hatuna samaki, wala hata kigamba kimoja?

Kwa sababu tuliwahi mno. Dunia ya miaka milioni 800 iliyopita haikuwa na mnyama wa kuacha kigamba. Viumbe wakubwa wenye miili laini wanaanza kuonekana kwenye miamba kama miaka milioni 575 iliyopita. Mfano mzuri uko Mistaken Point, Newfoundland, Canada, wa miaka milioni 565 hivi. Hapa Afrika, miamba ya Nama kule Namibia, ya miaka milioni 550, ina viumbe hao laini pamoja na baadhi ya wa kwanza kabisa waliojijengea kigamba. Mwanafunzi anayetafuta samaki kwenye RSC ni kama anayemtafuta mjukuu kwenye harusi ya babu yake.

Watu hutaja sana Burgess. Ni wapi, na ina nini ambacho sisi hatuna?

Burgess iko kwenye milima ya British Columbia, Canada, ndani ya hifadhi ya Yoho, mita zipatazo 2,300 juu ya usawa wa bahari. Ni tope la baharini lililogeuka jiwe, la miaka milioni 508. Charles Doolittle Walcott, aliyekuwa mkuu wa Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, alikuta visukuku vyake mwaka 1909, akarudi mara kwa mara, akakusanya zaidi ya 65,000. UNESCO iliiandika kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1980.

Thamani yake ni hii: kwa kawaida kinachobaki ni sehemu ngumu, yaani kigamba, jino, mfupa. Kule Burgess tope liliporomoka chini ya jabali la baharini, likawafunika wanyama ghafla mahali ambapo uozo ulishindwa kuwamaliza. Wakabaki kama utando mweusi wa kaboni juu ya jiwe, na miguu, macho, hata utumbo.

Na ni wanyama gani! Opabinia alikuwa na macho matano na mrija mbele wenye koleo. Harry Whittington wa Cambridge alipoonyesha mchoro wake mbele ya wanasayansi wenzake mwaka 1972, ukumbi uliangua kicheko. Anomalocaris, mwindaji mkubwa wa bahari ile, alijulikana kwa vipande kwa miaka mingi: mikono yake ilidhaniwa ni mkia wa uduvi, mdomo wake ukadhaniwa ni kiwavi bahari, na kila kipande kikapewa jina lake. Mwaka 1985 ndipo Whittington na Derek Briggs walipoonyesha vizuri kwamba ni mnyama mmoja.

Nampenda zaidi Hallucigenia. Mwaka 1977 alichorwa akitembea kwa miiba kama mtu anayetembea juu ya miti mirefu, na vinyuzi laini vikining'inia mgongoni. Mwaka 1991, kwa msaada wa jamaa zake waliopatikana China, ikaonekana amechorwa miguu juu kichwa chini: miiba ilikuwa ya mgongo, vinyuzi vilikuwa miguu. Hata kichwa na mkia vilichanganywa, na mwaka 2015 ndipo macho na meno yake yalipoonekana. Nikiwaambia wanafunzi hadithi hii hufurahi kuliko wakijifunza tarehe. Mwanasayansi anaruhusiwa kushika kitabu juu chini miaka 14, mradi akubali kukigeuza.

Kwa hiyo Burgess ni muhimu kuliko RSC?

Inategemea unauliza nini. Burgess inaonyesha wanyama walipokwisha kuwa wengi. RSC inaonyesha dunia kabla yao, karibu miaka milioni 300 nyuma, walipotawala vijidudu. Na kuna jambo moja linaloziunganisha. Kwa muda mrefu sana wa historia ya dunia stromatoliti zilitapakaa kwenye bahari za kina kifupi. Za zamani zaidi zinazokubaliwa na wengi, huko Pilbara, Australia, zina miaka bilioni 3.48. Kisha wakaja wanyama wa kula utando na kuchimba tope, na utando ukalimwa kama bustani iliyoingiliwa na mbuzi. Ukiona ukuta mrefu, mnene, usioguswa na meno, kama wetu, unaona bahari isiyo na mbuzi.

Isitoshe bakteria wa namna hii ndio walioanza kutoa oksijeni. Hewa ya dunia ilianza kuwa nayo kwa kiasi cha kuonekana kama miaka bilioni 2.4 iliyopita, zamani sana kabla ya Katanga, lakini kazi iliendelea, na utando wetu ulikuwa miongoni mwa wafanyakazi. Pumzi unayoivuta ukipanda kilima cha Étoile ilianza hivyo.

Mchungaji wetu anasema ni gharika ya Nuhu.

Nami nasali Jumapili, kwa hiyo sibishani na Mwanzo. Humwonyesha mtu vitu viwili. Kwanza, kuna matabaka yenye nyufa za tope lililokauka, zile pembe-pembe unazoziona kwenye dimbwi mwezi wa tano mvua ikishakatika. Tope halipasuki likiwa chini ya gharika. Pili, kuna alama za fuwele za chumvi na jasi, na chumvi hubaki maji yakikauka. Maji yalikuja, yakakauka, yakarudi, mara nyingi sana, na katikati utando ukapata muda wa kuota safu baada ya safu juani. Mwaka mmoja wa Nuhu hautoshi. Mchungaji mmoja alinijibu kwamba siku za Mungu ni ndefu, tukanywa chai.

Stromatoliti zina uhusiano gani na shaba?

Mkubwa, japo si wa moja kwa moja. Angalia orodha ya matabaka: madini mazuri hukaa chini ya RSC, kwenye D.Strat na RSF, na juu yake, mwanzo wa SD. RSC yenyewe katikati mara nyingi ni maskini wa shaba. Wachimbaji huilaani kwa kuvunja patasi bure. Sababu ni kwamba maji ya chumvi yenye moto yalibeba shaba na kobalti yakipenya kwenye miamba. Yalipokutana na matabaka membamba yenye mabaki ya viumbe na salfa, shaba ilikamatwa na kuganda kuwa salfidi, yaani madini ya shaba na salfa. Tope laini lenye uozo mwingi linakamata vizuri. Ukuta mzito wa stromatoliti unakamata kidogo. Wataalamu bado wanabishana kama shaba ilifika mapema, tope likiwa bado changa, au baadaye milima ilipokuwa ikikunjwa, au nyakati zote mbili.

Wazee waliitwa walamukuba, wala shaba, kwa vile waliishi kwa shaba. Bila uozo wa vijidudu vile, mukuba ungepita ukaenda zake.

Kweli kulikuwa na barafu Katanga?

Ndiyo, baadaye. Juu ya Roan kuna mwamba unaoitwa Grand Conglomérat: tope gumu lililochanganywa na mawe ya kila aina na kila ukubwa, bila mpangilio, kama karai la zege. Mchanganyiko huo ni wa barafu kubwa inayosukuma kila kitu na kukitupa inapoyeyuka. Unaunganishwa na kipindi kilichoanza kama miaka milioni 717 iliyopita, barafu ilipofika hadi sehemu za tropiki. Ya pili, Petit Conglomérat, inaunganishwa na barafu iliyokwisha miaka milioni 635 iliyopita, na juu yake mara moja kuna chokaa ya rangi ya waridi, alama ya bahari iliyopata joto ghafla. Chokaa ya Kakontwe, ile inayochimbwa kwa Likasi, ilitandikwa kati ya barafu hizo mbili.

Niambie ni mji gani mwingine ambao mtu anatoka asubuhi, anaona bahari ya chumvi, barafu na joto la kurudi, na jioni yuko nyumbani.

Kuna stromatoliti hai leo?

Zipo Hamelin Pool, Shark Bay, magharibi mwa Australia. Maji yake yana chumvi karibu mara mbili ya bahari ya kawaida, kwa hiyo konokono wengi wa kula utando hawawezi kuishi humo. Mbuzi wamefungiwa nje ya bustani. Mabwawa yetu ya chumvi yalifanana na hayo.

Karibu zaidi, kando ya Ziwa Tanganyika kuna stromatoliti za maji baridi, nyingine zikiwa na umri wa miaka elfu chache tu.

Konokono wa Tanganyika wanafanana na wa bahari. Si ushahidi kwamba ziwa ni baki la bahari yetu?

Hata msomi mmoja Mwingereza, J. E. S. Moore, aliyekuja ziwani mwaka 1896 na tena 1899, aliamini ziwa ni baki la bahari ya kale. Konokono wana magamba mazito yenye miiba na mapambo, kweli kama ya pwani. Lakini ziwa lina miaka milioni 9 hadi 12 tu, na konokono ni wa maji baridi tangu mababu. Walijizatiti wenyewe kwa sababu ya kaa wa ziwani wanaovunja magamba. Kati ya bahari ya Katanga na ziwa hilo zimepita miaka zaidi ya milioni 500. Undugu hakuna.

Nchi yetu haina kabisa visukuku vya wanyama wa bahari?

Ukielekea Atlantiki unavikaribia. Pale Landana, kwenye mwambao wa Cabinda, jirani na Kongo Central lakini upande wa Angola, mnapatikana papa, kasa na mamba wa bahari wa miaka milioni 60 hivi. Mamba mmoja aliyekusanywa mwaka 1913 aliitwa Congosaurus, yaani mjusi wa Kongo, ingawa alitoka ng'ambo ya mpaka. Mkoloni hakuuliza mipaka.

Bahari ilikwenda wapi?

Ilibanwa. Kama miaka milioni 550 iliyopita, bara la upande wa Kongo na lile la kusini yaligongana, miamba ikakunjwa na kusukumwa kuelekea kaskazini juu ya chumvi laini iliyoteleza kama sabuni. Série des Mines ikavunjika vipande-vipande, vingine virefu kilomita, vingine kama nyumba, vikaelea ndani ya kifusi. Ndiyo maana mgodi mmoja ni tajiri na eneo la jirani ni tupu, na ndiyo maana RSC huonekana kilima hapa, kilima pale, badala ya mstari mmoja.

Kuna hatari kuokota mawe?

Ipo. Usiingie shimo la mgodi, liwe la kampuni au la wachimbaji wadogo. Kuta hubomoka bila kukohoa. Mawe ya rangi kali za njano, machungwa au kijani kinachong'aa usiyaweke chumbani, maana Série des Mines ina urani pia: Shinkolobwe, karibu na Likasi, ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya Marekani. Unga mweusi wa RSC nawa mikono kabla ya kula bukari. Kwa mtoto, mahali pazuri pa kuanzia ni makumbusho ya mji na rundo la mawe mbele ya nyumba inayojengwa.

Naweza kuuza stromatoliti?

Hakuna anayenunua. Wanegosianti wa Ruashi, wale wanunuzi wa madini, wanapima asilimia ya shaba na kobalti, hawahesabu safu. Afadhali hivyo.

Nimepata jiwe lenye mistari kama ulivyosema. Nifanye nini?

Kama limeshikamana na mwamba, liache hapo. Ondoa nyasi, mwaga maji, piga picha kwa upande mwanga ukiwa wa chini, asubuhi au jioni. Weka kitu cha kuonyesha ukubwa. Vitabu husema sarafu, lakini sisi tunatumia noti tu, kwa hiyo weka kalamu ya Bic. Andika mahali: barabara, kijiji, mto ulio karibu.

Kisha angalia safu zimebenuka upande gani. Kwenye maji yale utando uliota kuelekea jua, kwa hiyo mgongo wa kibenuko unaonyesha juu ilikuwa wapi. Katika milima yetu iliyokunjwa matabaka mengine yamepinduka kabisa, la zamani likakaa juu ya jipya, na mwanajiolojia anayechora ramani anaweza kupotea kwa sababu hiyo. Stromatoliti moja inamrudisha njiani. Lakini kama mtu ameshaling'oa jiwe na kuligeuza-geuza, haisemi tena kitu kuhusu mlima. La kwangu mlangoni ni hivyo: najua upande gani ulikuwa juu, sijui lilitoka kilima gani, na dereva wa kamyo alikuwa ameshaondoka. Kwa hiyo kabla hujaligusa la kwako, chukua chaki uchore juu yake mshale unaoelekea mbinguni, kama lilivyokaa.